Auguste Escoffier: Mtoto wa mhunzi aliyepiga marufuku kelele jikoni

Wadau, wale mnaopenda kuangalia mashindano ya mapishi kwenye TV, MasterChef, Top Chef, Hell's Kitchen na mengineyo, bila shaka mmeona kuna mambo yanajirudia kila shoo. Jiko limegawanywa, huyu yuko kwenye nyama, yule samaki, mwingine kapewa vitamutamu. Juu yao kuna mkuu mmoja, akisema kitu wote wanaitikia kama kwata. Sahani zinatoka zimepangwa kama picha ya ukutani. Halafu kuna kelele. Mkuu anafoka, sahani inarudishwa, mtu mzima anatoka machozi.

Ule mpangilio wa jiko una mwenyewe. Ni Mfaransa mmoja aliyefariki mwaka 1935, kabla TV haijaingia majumbani mwa watu. Anaitwa Auguste Escoffier. Zile kelele, sasa, hazikutoka kwake kabisa. Jamaa alizipiga marufuku. Leo tumuangalie huyu mtu, maana maisha yake yana mengi ya kujifunza, mazuri na mabaya.

ALIKOTOKA

Alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1846 kwenye kijiji cha Villeneuve-Loubet, karibu na mji wa Nice. Baba yake alikuwa mhunzi, mtu wa kufua vyuma. Dogo mwenyewe alikuwa na ndoto za kuwa mchonga sanamu. Lakini nyumbani hakukuwa na pesa za kuchezea ndoto, kwa hiyo alipofika miaka 13 akapelekwa Nice kwa ndugu wa baba yake aliyekuwa na mgahawa, akajifunze upishi.

Msidhani kwa kuwa ni ndugu alidekezwa. Alianzia chini kabisa kama wengine. Na umbo lake lilikuwa dogo, kiasi kwamba alikuja kuvaa viatu vyenye kisigino kirefu ili asisogeze uso kwenye moto wa jiko.

Hapo inabidi mjue majiko ya wakati ule yalikuwaje. Mengi yalikuwa chini ya ardhi, yanawaka makaa ya mawe, hewa hakuna, joto la kufa mtu. Wapishi walikunywa pombe kutwa nzima kupoza koo. Matusi na makofi vilikuwa kitu cha kawaida. Huko nje watu walimla mpishi chakula chake, lakini mpishi mwenyewe hakuna aliyemhesabu kuwa mtu wa maana. Hilo ndilo jambo Escoffier alilokuja kupambana nalo maisha yake yote.

VITANI

Mwaka 1865 akaenda Paris kufanya kazi kwenye mgahawa uliojulikana sana, Le Petit Moulin Rouge. Mwaka 1870 vita vya Ufaransa na Prussia vikalipuka, akachukuliwa jeshini kuwapikia maofisa. Jeshi lao likazingirwa kwenye mji wa Metz. Chakula kikawa cha kubahatisha, ikafika mahali wakawa wanachinja farasi. Escoffier akapika alichopata. Mji uliposalimu amri Oktoba ile, naye akawa mfungwa wa vita.

Alitoka na masomo mawili. La kwanza ni thamani ya chakula cha kuhifadhi, na baadaye alikuwa mbele sana kwenye mambo ya kuweka vyakula kwenye makopo. La pili ni nidhamu ya jeshi, kila mtu ana cheo na kazi yake inajulikana.

JIKO LINAKUWA KIKOSI

Mwaka 1884 akiwa Monte Carlo alikutana na Mswisi anaitwa César Ritz, fundi wa kuendesha hoteli. Hawa wawili walikuwa kama kidole na kucha. Mwaka 1890 wakahamia London kwenye hoteli ya Savoy, hoteli mpya wakati huo, na hapo ndo mambo yakaanza.

Zamani oda moja ingeweza kumshika mpishi mmoja mwanzo mpaka mwisho. Escoffier akalipanga jiko kama kikosi. Chukua mfano wa mayai waliyoyaita Meyerbeer: mmoja anapika mayai, wa pili anachoma figo ya kondoo, wa tatu anaandaa sosi, vyote vinakutana kwenye sahani vikiwa vya moto. Mteja hasubiri. Leo ukiona hoteli kubwa ya Dar, Arusha au Nairobi inatangaza nafasi ya sous-chef au commis, hayo ni maneno ya Kifaransa ya vyeo vya kwenye kikosi hicho hicho.

Sasa lile la kelele. Mtu wa kusoma oda jikoni alikuwa anaitwa kwa Kifaransa mbwekaji, kwa sababu kazi yake ilikuwa kubweka. Escoffier akambadilishia jina akamwita mtangazaji, na akataka oda zisomwe kwa sauti ya kawaida. Matusi marufuku. Pombe marufuku, badala yake akaweka kinywaji cha shayiri kwa ajili ya kiu. Inasimuliwa kwamba hasira zikimpanda alikuwa anatoka nje kwanza mpaka zipoe. Aliwahimiza vijana wake wavae vizuri wakitoka kazini na wasome, ili mtu akiwaona barabarani asijue kama wanatoka kwenye masizi.

UTAMU WA MACHO NA JINA

Huku mbele kwenye meza nako alikuwa mjanja. Waingereza walikuwa wanawacheka Wafaransa kwa kula vyura. Kwenye karamu ya Prince of Wales, Escoffier akapeleka mapaja ya vyura, ila kwenye menyu akaandika mapaja ya nymphs, wale mabinti wa kwenye hadithi za zamani wanaoishi majini. Wageni wakala. Walipojua walichokula, chakula kilikuwa kishashuka!

Halafu kuna mwimbaji wa opera kutoka Australia, Nellie Melba. Alikuwa anaimba London kwenye opera yenye bata maji ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Escoffier akamwandalia mapichi juu ya aiskrimu ya vanila, vikaletwa ndani ya bata maji aliyechongwa kwa barafu. Baadaye akaongeza sosi ya rasiberi, na Peach Melba ikazunguka dunia nzima. Yule dogo aliyetaka kuchonga sanamu hakuwa amesahau.

KULA CHA JUU

Hapa sasa pabaya, na haifai kuparuka. Machi 1898 Escoffier na Ritz walipigwa chini Savoy. Uchunguzi ulionyesha pombe za maelfu ya pauni hazijulikani zilikokwenda, na jikoni kulikuwa na mchezo wa kula cha juu kutoka kwa watu wanaoleta bidhaa. Yaani hoteli inalipia mzigo kamili, unaoingia ni pungufu, tofauti watu wanagawana. Januari 1900 Escoffier alisaini karatasi ya kukiri. Alitakiwa kulipa pauni 8,000, akalipa 500 tu kwa kuwa hakuwa na zaidi. Mambo yakafunikwa, umma haukuziona karatasi hizo mpaka miaka ya 1980.

Mtu yule yule alikuwa anahakikisha mabaki mazuri ya Savoy yanakwenda kwa masista waliokuwa wanatunza wazee maskini. Mwaka 1910 akaandika kijitabu cha kupendekeza mpango wa kusaidiana ili wazee wasife kwa ufukara. Mfuko mmoja unatoa, mwingine unaingiza. Binadamu ndo alivyo.

MWISHO WAKE

Skendo haikuwazamisha. Mwaka 1898 huo huo Ritz akafungua hoteli yake Paris na Escoffier akampangia jiko, kisha mwaka uliofuata wakaingia Carlton ya London. Mwaka 1903 kikatoka kitabu chake kikubwa, Le Guide Culinaire, chenye mapishi zaidi ya 5,000. Kwa miaka mingi wapishi wa hoteli walikisoma kama mwanafunzi wa sheria anavyosoma katiba. Ritz afya ya akili ikamshinda kuanzia 1902, Escoffier akabaki peke yake. Vita vya kwanza vya dunia vikamchukua mwanawe Daniel mwaka 1914. Yeye akaendelea kupika mpaka 1920, akiwa na zaidi ya miaka 70. Mwaka 1928 Ufaransa ikampa cheo cha ofisa kwenye nishani yake ya Légion d'honneur, heshima ambayo mpishi hakuzoea hata kuiota.

Februari 1935 mkewe Delphine alifariki. Escoffier alimfuata siku chache tu baadaye, tarehe 12, akiwa na miaka 88. Nyumba aliyozaliwa kijijini sasa ni makumbusho.

Sasa wadau, TV imechukua kikosi chake, imechukua sahani zake zinazometameta, halafu imerudisha yule mbwekaji aliyemfukuza. Kelele zinauza, hilo tunajua. Lakini kuna vijana wanasoma upishi na hoteli sasa hivi, na wapo wanaodhani bila kutukanwa hujawa mpishi. Aliyelipanga jiko lenyewe alionyesha inawezekana kulisha mamia kwa usiku mmoja bila kumvunjia mtu heshima.

Mnaofanya kazi kwenye majiko ya mahoteli, huko kwenu hali ikoje? Mnafokewa au mnaelekezwa? Mwageni maoni hapo chini.