Tommy Douglas na wakulima waliodai matibabu kwa wote

Thomas Clement Douglas, ambaye watu walimwita Tommy tu, alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1904 huko Falkirk, Scotland. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kusubu chuma. Mtoto akiwa bado mdogo alianguka na kuumia goti la mguu wa kulia, na maambukizi yakaingia mpaka kwenye mfupa. Mwaka 1910 familia ilihamia Canada, katika mji wa Winnipeg, na kidonda kikahama nao. Hospitalini madaktari walishauri mguu ukatwe. Wazazi hawakuwa na fedha za kumtafuta bingwa wa mifupa.

Ikatokea kwamba daktari bingwa mmoja alimwona yule mtoto wodini akavutiwa na hali yake. Akajitolea kumfanyia upasuaji bila malipo, kwa sharti kwamba wanafunzi wake wa udaktari wasimame pale watazame na kujifunza. Wazazi walikubali, na mguu ukapona. Kijana huyo baadaye alicheza ndondi mpaka akawa bingwa wa uzito mwepesi wa jimbo la Manitoba mwaka 1922. Lakini kisa cha hospitali hakukisahau. Alikisimulia maisha yake yote, na jambo lililomsumbua ni moja: mguu wake ulipona kwa bahati, na mtoto wa jirani mwenye kidonda kama chake asingepata bahati hiyo.

Alisomea uchungaji, na mwaka 1930 akapewa kanisa la Kibaptisti katika mji mdogo wa Weyburn, jimbo la Saskatchewan. Hilo ni jimbo la wakulima wa ngano, wakati huo likiwa na watu wasiofika milioni moja, waliotawanyika kwenye tambarare kubwa. Alifika wakati mbaya kuliko wote. Bei ya ngano ilikuwa imeanguka, kisha ukaja ukame wa miaka mfululizo na upepo uliobeba udongo wa mashamba. Mchungaji kijana akajikuta anazika watu ambao wangepona kama wangemwona daktari mapema, ila hawakuwa na cha kumlipa.

Hapa msikilizaji aelewe kwamba habari hii haikuanza na Douglas. Nchini Canada afya iko chini ya mamlaka ya majimbo, na kila jimbo lina bunge na serikali yake. Wakulima wa Saskatchewan walikuwa wameanza kujitafutia njia miaka mingi kabla yake. Mwaka 1914 halmashauri ya vijijini ya Sarnia, ikiogopa kumpoteza daktari wake, iliamua kumlipa dola 1,500 kwa mwaka kutoka kodi za wakulima ili abaki. Halmashauri nyingine zikaiga. Wanawake wa vyama vya wakulima, wakiongozwa na Violet McNaughton, walidai wakunga, wauguzi na hospitali karibu na mashamba, na mwaka 1916 jimbo likapitisha sheria ya kuruhusu halmashauri kuungana na kujenga hospitali. Mkulima mwingine, Matt Anderson, mhamiaji kutoka Norway aliyekuwa mkuu wa halmashauri ya McKillop, alipigania mpango wa kila mtu kuchangia dola 5 kwa mwaka na kutibiwa. Bunge la jimbo lilimpitishia sheria mwaka 1939.

Kwa hiyo Douglas alipoingia kwenye siasa, kupitia chama kipya cha CCF kilichoanzishwa na wakulima na wafanyakazi, alikuta hoja imekwishajengwa vijijini. Alichaguliwa kuwa mbunge wa Canada mwaka 1935. Mwaka 1944 alirudi jimboni kuongoza uchaguzi, na CCF ikachukua viti 47 kati ya 52. Akawa waziri mkuu wa jimbo akiwa na umri wa miaka 39, na wizara ya afya akaishika mwenyewe.

Jambo moja halipendezi lakini halifichiki. Mwaka 1933, katika tasnifu yake ya shahada ya uzamili, Douglas aliunga mkono fikra iliyovuma zama hizo kwamba watu waliohesabiwa kuwa na kasoro za akili wazuiwe kuzaa. Ni fikra mbaya. Alipopata madaraka ya afya, alikataa kuifuata.

Alikuta jimbo lina madeni mazito. Nadhani hapa ndipo alipowazidi wanasiasa wengi wenye ahadi kama zake: hakutangaza matibabu ya bure kwa wote siku ya kwanza. Alianza na wazee wenye pensheni na maskini waliotegemea msaada wa serikali, mwanzoni mwa 1945. Mwaka huohuo wananchi wa eneo la Swift Current walipiga kura kukubali kujitoza kodi, na Julai 1946 ukaanza mpango uliowapa watu wote wa eneo hilo, wapatao 50,000, huduma ya daktari na hospitali. Tarehe 1 Januari 1947 jimbo zima likapata bima ya hospitali. Ada ilikuwa dola 5 kwa mtu kwa mwaka, na familia haikutozwa zaidi ya dola 30 hata ikiwa na watoto kumi.

Ikabaki huduma ya daktari nje ya hospitali. Kwa hilo Douglas alisubiri zaidi ya miaka 10, mpaka serikali kuu ya Canada ilipoanza kubeba nusu ya gharama za hospitali mwaka 1958 na kumwachia jimboni fedha za kutumia. Desemba 1959 alitangaza mpango wake kwa wananchi kupitia redio. Sisi wa redio hatulisahau hilo. Kwenye nyumba za mashambani zilizotengana kwa maili nyingi, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuwafikia watu wote kwa usiku mmoja.

Chama cha madaktari kilikataa. Madaktari waliona watageuzwa watumishi wa serikali, na katika uchaguzi wa 1960 walichanga fedha kuupinga mpango. CCF ilishinda. Sheria ikapita Novemba 1961, na mwezi huohuo Douglas akaacha uwaziri mkuu kwenda kuongoza chama kipya cha kitaifa, NDP. Kazi ngumu ikamwangukia mrithi wake, Woodrow Lloyd.

Gharama ya kisiasa Douglas aliilipa mapema. Juni 1962 aligombea ubunge wa Canada katika mji wa Regina, makao makuu ya jimbo, na hasira juu ya bima ikamwangusha vibaya. Wiki mbili baadaye, tarehe 1 Julai, sheria ilianza kazi na madaktari wengi wakafunga milango. Mgomo ulidumu siku 23. Siku ya kwanza tu, mtoto wa miezi tisa alifariki wazazi wake wakizunguka barabarani kutafuta daktari.

Wananchi waligawanyika. Akina mama waliohofia madaktari wa watoto wao wangehama jimbo walianzisha kamati za kuwatetea, na huwezi kuwalaumu kwa woga huo. Waandalizi wao walitarajia makumi ya maelfu ya watu kwenye mkutano mbele ya bunge la Regina tarehe 11 Julai. Walifika kama 4,000. Upande wa pili, wakulima, wafanyakazi na baadhi ya walimu walichangishana fedha, wakatafuta majengo na kufungua kliniki zao wenyewe, wakiajiri madaktari wachache waliokubali sheria pamoja na wengine waliotoka Uingereza. Kliniki ya Saskatoon ilifungua milango tarehe 3 Julai.

Tarehe 23 Julai, kwa usuluhishi wa Lord Taylor, daktari na mwanasiasa kutoka Uingereza, pande mbili zilisaini makubaliano. Madaktari walibaki na ofisi zao na kulipwa kwa kila huduma, na bima ya wote ikabaki. Miaka miwili baadaye tume ya kitaifa ya Jaji Emmett Hall ilipendekeza nchi nzima ifuate njia hiyo. Sheria ya Canada ilipita Desemba 1966, na kufikia 1972 majimbo yote yalikuwa ndani.

Douglas alirudi bungeni Oktoba 1962 kupitia jimbo la British Columbia na kuendelea na siasa mpaka 1979. Alifariki kwa saratani mjini Ottawa tarehe 24 Februari 1986. Mwaka 2004 watazamaji wa televisheni ya taifa, CBC, walimpigia kura kuwa Mcanada mkuu kuliko wote. Ile kliniki ya Saskatoon ipo bado, ni ya ushirika, na wagonjwa ndio wanachama wake.