Alibuni gari la magurudumu matatu, akalizika mwenyewe

Usiwaze bajaji. Hili lina magurudumu mawili mbele na moja nyuma, injini imekaa nje puani kama ya pikipiki kubwa, halafu halina paa. Linaitwa Morgan, na mwenye jina hilo alilitengeneza kwa ajili ya safari zake tu.

Henry Frederick Stanley Morgan, maarufu kama HFS, alizaliwa mwaka 1881 Herefordshire, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana. Ungedhani mzee angemsukumia kanisani, kumbe ndiye aliyekuja kumpa mtaji wa kiwanda. Kijana alijifunza ufundi kwenye karakana za reli za Swindon, kisha akafungua gereji Malvern Link na kuendesha basi la abiria.

Mwaka 1909 akaunda chombo chake: injini ya Peugeot ya silinda mbili, fremu ya mabomba ya chuma, kiti kimoja. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Gari likiwa jepesi, injini ndogo inatosha. Nyuma aliweka cheni mbili, kila moja na gia yake. Gia ya kurudi nyuma? Haikuwepo. Ukikwama unashuka, unasukuma.

Mwaka 1910 alilipeleka kwenye maonyesho ya Olympia, London. Watu walilipenda, lakini oda zikawa chache. Nani anunue gari asiloweza kumpakia mwenzake? Akaongeza kiti, na mwaka 1911 likawekwa kwenye dirisha la duka la Harrods. Mwaka uliofuata HFS mwenyewe alishika usukani Brooklands, akakata karibu kilomita 96 ndani ya saa moja. Kwa enzi zile, si mchezo.

Mashindano yalimpa jina, ila kilichombeba zaidi kwa maoni yangu ni kodi. Uingereza ililihesabu gari jepesi la magurudumu matatu kama pikipiki, hivyo mwenye nalo alilipa kidogo. Tatizo likaja mwaka 1922, Austin ilipoleta Seven: gari dogo, magurudumu manne, bei ya kumudu. Taratibu wateja wakahama. HFS akausoma upepo, na mwaka 1936 akaingiza sokoni 4-4, yaani magurudumu manne, silinda nne.

Lile la matatu hakulitupa mara moja. Alilishikilia hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, kipindi ambacho serikali iligawa chuma kwanza kwa viwanda vinavyouza nje. Soko kubwa lilikuwa Marekani, na Wamarekani hawakulitaka. Mwaka 1952 la mwisho likatoka kiwandani, yeye akiwa na miaka 70 hivi. Alifariki mwaka 1959, kampuni ikabaki mikononi mwa mwanawe, Peter.

Kwa miongo kadhaa lilibaki gari la wakusanyaji wa vitu vya kale. Kisha mwaka 2011, kwenye maonyesho ya Geneva, Morgan ikalirudisha: mawili mbele, moja nyuma, injini ya S&S ya karibu lita mbili ikiwa nje puani vilevile. Gia zilitoka Mazda, na ya kurudi nyuma sasa ipo. Mwaka 2022 likaja Super 3, lenye injini ya Ford ya silinda tatu iliyofichwa ndani ya bodi. Linaundwa Malvern Link, palepale alipofungua gereji.