Msiri wa Bunkeya: mwenyeji aliyeuawa na wageni wake

Bunkeya iko kaskazini ya Likasi. Leo ni mji mdogo, lakini kwenye miaka ya 1880 wageni wa mbali walikuwa wanafika pale kila mwaka: wachuuzi kutoka Angola, Waarabu na Waswahili wa pwani, kisha wamisionari. Wote walipokelewa na mtu mmoja, Mwami Msiri. Tarehe 20 mwezi wa 12, 1891, mmoja wa wageni akamupiga risasi akafa. Jina la aliyepiga linajulikana. Lakini watu wanaulizana mpaka leo: ni nini ilipita kweli siku ile, na kichwa cha Mwami kilienda wapi?

Mtoto wa mchuuzi

Jina lake lilikuwa Ngelengwa, tena waliita Mwenda. Alizaliwa karibu mwaka wa 1830 upande wa Tabora, kwenye Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa na desturi ya kuja huku Katanga kutafuta shaba, ile tunaita mukuba. Wakati ule mafundi wa huku walikuwa wanachimba jiwe la kijani, wanaliyeyusha kwenye tanuru za udongo, na wanatengeneza misalaba ya shaba ambayo ilitumika kama pesa. Kambove, hapa jirani na Likasi, ilikuwa moja ya mahali pa kuchimba.

Karibu mwaka wa 1856 Ngelengwa alikuja, na hakurudi tena. Alikuwa na bunduki, na wakubwa wa inchi hawakuwa nazo. Akawasaidia kwenye vita, akaoa katika jamaa zao, akapewa udongo. Kidogo kidogo msaidizi akageuka mwenye kutawala. Watu wake wakaitwa Bayeke, ufalme wake ukaitwa Garenganze, na Bunkeya ikawa mji mkubwa. Shaba, chumvi, pembe za tembo na watumwa vilitoka. Bunduki, baruti na vitambaa viliingia. Njia moja ilienda Benguela kwenye bahari ya magharibi, ingine ilienda Zanzibar. Kati ya bibi zake wengi kulikuwa Maria de Fonseca, aliyetoka upande wa Wareno wa Angola. Kwa njia ya ndoa kama hii, biashara ya magharibi iliingia mpaka ndani ya nyumba yake.

Tusimusifu kupita kiasi. Msiri aliuza watu. Kodi yake ilikuwa nzito, na wageni waliona vichwa vya wenye kuuawa juu ya miti ya boma lake. Basanga, wenyeji wa udongo huu, hawakusahau, na katika mwaka wa 1891 walikuwa wameasi. Wakati wazungu wanakuja na bendera, mzee alikuwa na adui mbele na nyuma.

Wageni wenye bendera

Mmisionari Frederick Stanley Arnot, mtu wa Scotland, alifika Bunkeya mwaka wa 1886. Huyu alikuja na Biblia, Mwami akamukaribisha. Walioufuata walitaka kitu kingine. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa ameonyesha Katanga kwenye karata kama sehemu ya Inchi Huru ya Kongo, lakini hakukuwa mkataba hata mmoja. Cecil Rhodes, upande wa kusini, aliitamani vilevile.

Alfred Sharpe alifika mwaka wa 1890 kwa kazi ya Waingereza, Msiri akakataa mkataba wake. Mwezi wa 4, 1891, akafika Paul Le Marinel kwa jina la Leopold. Msiri akakubali wazungu wajenge kituo mbali kidogo, kwenye mto Lofoi, lakini bendera akakataa. Mwezi wa 10 akafika Alexandre Delcommune, jibu likawa lilelile.

Ya mwisho ilikuwa misafara ya William Stairs. Huyu alizaliwa Kanada, alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, kumbe alikuja kwa kazi ya Leopold. Alifika tarehe 14 mwezi wa 12 na watu mamia, wengi wakiwa wabebaji na askari wa pwani. Mji ulikuwa na njaa. Mikononi Stairs alikuwa pia na barua ambayo Msiri alimwandikia Sharpe ili arudie, ilikamatwa njiani. Kwa hiyo mgeni alijua siri ya mwenyeji mbele ya kuongea naye.

Maongezi hayakuzaa kitu. Tarehe 19 Stairs akapandisha bendera bila ruhusa. Usiku ule Msiri akaondoka, akaenda Munema, kijiji chenye boma jirani na Bunkeya.

Risasi za Munema

Kesho yake Stairs akatuma Kapiteni Omer Bodson, Mbelgiji, na Marquis de Bonchamps, Mfaransa, wamulete Mwami. Bonchamps akabaki nje. Bodson akaingia na askari wachache, akamukuta Msiri katikati ya watu wenye bunduki. Bodson akafyatua bastola, Msiri akaanguka. Palepale mmoja wa watu wa Mwami akamupiga Bodson, naye akafa.

Wazungu walisema kama Msiri alichomoa upanga, na Bodson alijikinga tu. Lakini Bodson alikufa, na Bonchamps alikuwa nje ya boma. Maandiko ya siku ile yaliachwa na watu wa misafara. Tena, ni nani anaenda kumukamata mwami ndani ya boma lake na bunduki, akisema hakutazamia kuua?

Halafu kuna kichwa. Watu wa misafara walikikata na kukionyesha juu ya mti, ili watu waogope. Bayeke wanasimulia kama wazungu walikibeba na kuondoka nacho. Wamoja wanasema kilifika Ulaya, wengine wanasema kilibaki njiani na kuleta mauti kwa waliokibeba. Stairs mwenyewe hakufika nyumbani: alikufa kwa malaria mwezi wa 6, 1892, huko Chinde, Msumbiji. Mwili wa Msiri ulizikwa Bunkeya bila kichwa.

Kilichobaki

Mukanda-Bantu, mtoto wake, alishika kiti akiwa chini ya bendera ileile baba yake aliyoikataa. Katanga ikaingia Kongo. Mwaka wa 1906 Union Minière ikaanzishwa, na mashimo ya zamani ya mukuba yakawa migodi ya kampuni. Likasi, iliyoitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot wa kampuni ileile, ilikua kwa kazi ile.

Njo maana kila tarehe 20 mwezi wa 12 Bayeke wanakutana Bunkeya kukumbuka. Kwa Basanga kumbukumbu ya Msiri ni ingine, na wana haki. Lakini Msanga au Muyeke, hakuna aliyeulizwa siku bendera inapanda. Na familia bado inangojea kichwa cha mzee wao.