Humphrey Bogart: Jambazi wa sinema aliyegeuka shujaa

OKTOBA 1947, kundi la waigizaji, waandishi na waelekezi mashuhuri wa Hollywood lilipanda ndege kuelekea Washington, jiji kuu la Marekani. Miongoni mwao alikuwemo Humphrey Bogart na mkewe, Lauren Bacall. Nia yao ilikuwa kupinga kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwahoji watu wa sinema kuhusu uhusiano wao na chama cha Kikomunisti.

Kabla ya mwaka kwisha, Bogart alikuwa amegeuza kauli. Mtu ambaye mashabiki walimjua kwa kutotishwa na bastola wala polisi alijikuta akiomba radhi hadharani.

Humphrey DeForest Bogart alizaliwa New York mnamo Desemba 25, 1899, katika familia yenye uwezo. Baba yake, Belmont Bogart, alikuwa daktari wa upasuaji. Mama yake, Maud Humphrey, alikuwa mchoraji mwenye sifa, na mchoro aliomchora mwanawe angali mchanga ulitumiwa kutangaza chakula cha watoto.

Wazazi walitaka asome hadi chuo kikuu, lakini kijana hakuwa na hamu ya vitabu. Mnamo 1918 alifukuzwa katika shule ya bweni ya Phillips Academy, akajiunga na jeshi la majini la Marekani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipomalizika, aliangukia katika kazi za jukwaani.

Katika miaka ya 1920, aliigiza katika kumbi za Broadway, mara nyingi akiwa kijana wa kitajiri asiye na shughuli maalumu. Alijaribu bahati yake Hollywood kuanzia 1930, ila mlango haukufunguka. Alirejea New York mikono mitupu.

Nyota yake ilianza kuchomoza 1935 katika mchezo wa kuigiza wa The Petrified Forest, ambapo alicheza kama Duke Mantee, jambazi anayetoroka polisi. Kampuni ya Warner Bros iliponunua haki za kuugeuza kuwa filamu, ilitaka nafasi hiyo apewe Edward G. Robinson, aliyekuwa na jina kubwa zaidi. Lakini Leslie Howard, nyota wa mchezo huo, alishikilia kwamba bila Bogart naye hangeshiriki. Kampuni ikasalimu amri, na filamu hiyo ikatoka 1936.

Bogart hakuusahau wema huo. Howard aliuawa 1943 ndege aliyosafiria ilipotunguliwa na Wajerumani, na binti ya Bogart alipozaliwa 1952, alipewa jina Leslie.

Hata hivyo, kupata mlango si kupata kiti. Kwa miaka mitano Bogart alibaki jambazi wa pili, yule anayefyatuliwa risasi kabla ya filamu kwisha. Katika Angels with Dirty Faces ya 1938 na The Roaring Twenties ya 1939, wahusika wake wote wawili waliuawa na mhusika wa James Cagney.

Mambo yaligeuka 1941, umri wake ukiwa umepita miaka 40. George Raft, mwigizaji aliyempita kwa hadhi, alikataa kuigiza jambazi mzee katika High Sierra. Nafasi ikamwangukia Bogart, ingawa jina la Ida Lupino ndilo lililotangulizwa. Mwaka huohuo, Raft alikataa tena filamu nyingine, The Maltese Falcon, kwa kutotaka kufanya kazi chini ya mwelekezi mgeni. Mgeni huyo alikuwa John Huston.

Hadithi ya Dashiell Hammett iliyozaa filamu hiyo ilikuwa imeigizwa mara mbili awali bila kutia fora. Safari hii, Bogart alikuwa Sam Spade, mpelelezi wa kibinafsi anayesaka muuaji wa mshirika wake wa kazi. Anapogundua kwamba muuaji ni mwanamke anayempenda, anamkabidhi kwa polisi. Uso wa Bogart unaonyesha jinsi uamuzi huo unavyomuumiza, wala hatoi chozi.

Filamu za aina hiyo zilipigwa kwa picha nyeusi na nyeupe, taa zikiwekwa upande mmoja ili vivuli vitawale kuta na nyuso. Mtazamaji hakujua kilichojificha gizani, wala hakuwa na hakika ni nani mwema na ni nani mwovu. Wahakiki wa Ufaransa, walipoziona baada ya Vita Vikuu vya Pili, waliziita filamu nyeusi. Sura ya Bogart, isiyo ya mwanamume mtanashati, iliwiana na ulimwengu huo kama chanda na pete.

Casablanca, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mnamo Novemba 1942, ndiyo iliyompandisha kileleni. Ingawa kisa kinatokea Moroko, filamu yenyewe ilipigwa California, na waigizaji wake kadhaa walikuwa wakimbizi halisi waliokimbia utawala wa Hitler. Bogart ni Rick, mwenye klabu anayejidai kutojali siasa za yeyote. Mwishowe anamwachilia mwanamke anayempenda aondoke na mumewe, kiongozi wa wapinzani wa Wanazi. Filamu hiyo ilishinda tuzo tatu za Oscar, ikiwemo ya filamu bora.

Mnamo 1944, akiigiza katika To Have and Have Not, alikutana na Bacall, binti wa miaka 19. Bogart alikuwa katika ndoa yake ya tatu, iliyojaa ulevi na ugomvi. Waliachana, naye akamwoa Bacall mnamo Mei 1945. Walijaliwa watoto wawili.

Ndipo ikaja ile safari ya Washington. Baadhi ya waandishi walioitwa na kamati walikataa kujibu maswali kuhusu vyama vyao, na kumi miongoni mwa walioitwa wakashtakiwa kwa kulidharau Bunge na hatimaye kufungwa jela. Magazeti yaliwageukia waliowatetea, nazo kampuni za filamu zikatangaza kwamba hazingemwajiri Mkomunisti yeyote.

Bogart, ambaye hakuwa Mkomunisti, alitangaza kwamba safari ile ilikuwa kosa. Mapema 1948, makala yenye jina lake katika jarida la Photoplay ilirudia ujumbe huo. Kazi yake iliokoka. Waliofungwa na wengine wengi waliopigwa marufuku hawakubahatika hivyo, na baadhi ya marafiki hawakuficha kusikitishwa kwao.

Barani Afrika Bogart alifika 1951 kupiga filamu ya rangi, The African Queen, katika Congo iliyotawaliwa na Wabelgiji na Uganda iliyokuwa chini ya Waingereza. Kisa chake ni cha 1914, nahodha mlevi na mmisionari wakikusudia kuzamisha meli ya Wajerumani. Meli hiyo ya kubuni ina asili katika Graf von Götzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba na kuhudumia abiria wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi.

Katharine Hepburn na wengine kambini waliugua tumbo vibaya. Bogart na Huston, waliopendelea wiski kuliko maji, walisalimika. Mnamo Machi 1952, nahodha huyo alimpatia Bogart tuzo yake ya pekee ya Oscar.

Sigara alizovuta katika filamu na nje ya filamu zilimdai deni. Aligunduliwa kuwa na saratani ya umio, akafanyiwa upasuaji 1956, na akafariki nyumbani kwake Los Angeles mnamo Januari 14, 1957, akiwa na umri wa miaka 57.

Kifo hakikumwondoa machoni pa watu. Televisheni za Marekani zilirudia filamu zake usiku baada ya usiku, kisha zikaingia katika kanda za video. Mnamo 1988, Casablanca ilitiwa rangi kwa kompyuta, hatua iliyozua malalamiko makali, kwani rangi ziliviharibu vivuli vilivyopangwa kwa uangalifu. Diski za DVD zilizofuata ziliirejesha katika weusi na weupe wake. Mnamo 1999, Taasisi ya Filamu ya Marekani ilimweka Bogart juu ya waigizaji wote wa kiume wa enzi hiyo.

Miongoni mwa filamu zinazopatikana katika diski hizo ni yake ya mwisho, The Harder They Fall ya 1956. Humo yeye ni mwanahabari wa michezo asiye na ajira, anayekubali pesa kuuficha udanganyifu katika ndondi. Anavumilia hadi dhamiri inamshinda. Filamu inapokwisha, Bogart ameketi mbele ya taipureta, akianza kuandika ukweli aliolipwa aufiche.