Askofu Mkuu Makarios, Rais wa Kisiwa Kilichogawanyika

Ndugu zangu Wakenya, nilipokuwa mtoto nilipita mara nyingi mbele ya geti la chuo cha makasisi wa Kiothodoksi pale Riruta, Nairobi. Chuo kina jina la Makarios wa Tatu, na sikuwahi kuuliza ni nani. Nimekuja kuuliza nikiwa hapa Hillbrow, nikimuuguza mzee mmoja mzaliwa wa Kupro. Aliposikia natoka Kenya, alinitajia jina hilo kabla hata sijampima presha. Basi katika Siku ya Jamhuri hii nimeona niwaletee maisha ya mtu huyo. Safari yake ya uhuru na yetu zilikwenda sambamba, na pale alipoanguka pana funzo kwetu.

Kupro ndiyo Kipro ya Biblia, kwao Barnaba, mwenzake Paulo. Uingereza ilianza kukitawala kisiwa hicho mwaka 1878, ikakipokea kutoka kwa dola ya Kituruki. Karibu watu wanne katika kila watano walikuwa Wagiriki Waothodoksi, na chini kidogo ya mmoja katika watano alikuwa Mturuki Mwislamu. Vijiji vingi vilikuwa vya mchanganyiko. Lakini serikali ya kikoloni iliwahesabu watu kwa jamii zao, na watoto walisoma katika shule tofauti. Sisi tuliogawiwa mipaka ya makabila tunaujua mtindo huo.

Michael Mouskos alizaliwa tarehe 13 Agosti 1913 katika kijiji cha Panayia, wilaya ya Paphos. Baba yake alikuwa mchunga mifugo. Akiwa na miaka 13 aliingia monasteri ya Kykkos, akasomeshwa huko. Baadaye alisoma teolojia Athens, na mwaka 1946 akapata ufadhili wa kwenda Boston, Marekani. Alikuwa bado masomoni mwaka 1948 alipopata habari kwamba amechaguliwa kuwa askofu wa Kition. Sisi tuliosomea shahada zetu ugenini tunajua jinsi habari moja ya nyumbani inavyoweza kukatiza mipango yote.

Januari 1950 kanisa lake liliendesha kura miongoni mwa Wagiriki wa kisiwa. Asilimia 96 walitaka kuungana na Ugiriki, jambo waliloliita Enosis. Oktoba mwaka huohuo akawa Askofu Mkuu, akiwa na miaka 37 tu, na kwa desturi ya kule Askofu Mkuu alikuwa pia kiongozi wa taifa la Wagiriki. Tatizo lilianzia hapo. Ndoto aliyoibeba ilikuwa ya jamii moja. Kwa jirani yake Mturuki, Enosis ilimaanisha kutoka mkononi mwa mtawala mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine.

Tarehe 1 Aprili 1955 kundi la EOKA chini ya Georgios Grivas lilianza vita dhidi ya Waingereza. Ikatangazwa hali ya hatari, kama ilivyotangazwa kwetu mwaka 1952. Waingereza wakaajiri polisi wasaidizi Waturuki kupambana na Wagiriki, na damu iliyomwagika ikawa deni kati ya majirani. Waturuki nao wakaunda kundi lao, wakadai kisiwa kigawanywe. Nani katika wazee wetu asiyewakumbuka homugadi?

Machi 1956 Makarios alikamatwa, akapelekwa Ushelisheli, visiwa vilevile walikofungiwa Kabaka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Aliachiliwa baada ya mwaka mmoja, lakini hakuruhusiwa kurudi kwao. Akapitia Nairobi akielekea Athens. Kenya wakati huo ilikuwa bado chini ya hali ya hatari, na Waothodoksi wa Kikuyu walikuwa wamefungiwa makanisa na shule zao. Hakuwasahau.

Kupro ilipata uhuru tarehe 16 Agosti 1960, Makarios akiwa Rais. Katiba ilitungwa na Uingereza, Ugiriki na Uturuki. Rais awe Mgiriki, Makamu awe Mturuki mwenye kura ya turufu, na viti vya bunge vigawanywe 70 kwa 30. Uingereza ikabaki na kambi mbili za kijeshi, na inazo mpaka leo.

Tarehe 30 Novemba 1963 Makarios alipendekeza mabadiliko 13 ya katiba. Waturuki waliona wanapokonywa kinga yao. Tarehe 12 Desemba sisi tulipandisha bendera yetu. Siku tisa baadaye, tarehe 21, risasi zililia Nicosia. Kabla mwaka haujaisha, jenerali Mwingereza alichora mstari kwa penseli ya kijani katikati ya ramani ya mji huo. Waturuki wengi walihama vijiji vyao, wakabanana katika maeneo yao, na serikali ya Makarios ikazuia bidhaa kadhaa zisiwafikie. Nampenda mzee huyu, lakini hilo siwezi kumficha.

Kufikia mwaka 1968 alikuwa amekubali kwamba Enosis haiwezekani. Wagiriki wenye msimamo mkali wakamgeukia. Machi 1970 helikopta yake ilipigwa risasi. Rubani alijeruhiwa vibaya, lakini akaweza kuitua. Mwaka 1971 Makarios alizuru Kenya, akabatiza watu kwa maelfu, akaweka jiwe la msingi la chuo cha Riruta.

Tarehe 15 Julai 1974 wanajeshi waliotumwa na watawala wa Athens walimpindua. Alitorokea Paphos, kisha London. Siku tano baadaye Uturuki ikaivamia Kupro, na mwishowe ikashika zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Wagiriki wapatao laki moja na sitini elfu au zaidi walikimbilia kusini, na Waturuki kwa makumi ya maelfu wakahamia kaskazini. Makarios alirudi Desemba 1974. Mapema mwaka 1977 alikubaliana na kiongozi wa Waturuki, Rauf Denktash, kutafuta shirikisho la jamii mbili. Tarehe 3 Agosti mwaka huo moyo wake ukasimama. Mstari wa kijani ungalipo.

Ukiteremka kutoka Hillbrow hadi mtaa wa Wolmarans utaliona kanisa kuu la Wagiriki na kuba lake. Mimi hupita hapo nikitoka zamu ya usiku, na huwaza: Makarios alimshinda mkoloni, lakini alichelewa kumuuliza jirani anaogopa nini. Sisi tuliyaona ya nyumbani mwanzoni mwa 2008, na Mei ileile tukayaona ya hapa Johannesburg, watu wakiulizwa wametoka wapi kabla ya kupigwa. Jumapili hii, mwalike jirani wa kabila jingine, au wa nchi nyingine katika jengo lako, mle chapati pamoja.

Heri ya Siku ya Jamhuri.