Priya Ramrakha: Mwana wa Nairobi aliyeisogelea historia kwa kamera

WAPIGA picha wa magazeti wengi huacha nyuma picha zinazojulikana kuliko majina yao. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi aliyeuawa nchini Nigeria mnamo Oktoba 2, 1968 akiwa na umri wa miaka 33, ni mmoja wao. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufanya kazi ya kupigia picha majarida mashuhuri ya Marekani ya Time na Life.

Alizaliwa mwaka wa 1935 katika ukoo wa wanahabari. Jamaa yake, Girdhari Lal Vidyarthi, ndiye aliyeanzisha gazeti la Colonial Times jijini Nairobi mwaka wa 1933. Mtambo wa Vidyarthi ulichapisha pia magazeti ya Kiswahili, likiwemo Habari za Dunia. Serikali ya kikoloni haikupendezwa na ujasiri huo, na katika miaka ya 1940 ilimfunga gerezani kwa kosa la uchochezi.

Nairobi aliyokulia Ramrakha ilikuwa jiji lililogawanywa kwa rangi. Wazungu walijitwalia mitaa ya magharibi na kaskazini, kama vile Kilimani, Lavington na Muthaiga. Wahindi waliishi Ngara na Parklands. Waafrika walisukumwa upande wa mashariki, Pumwani na Kaloleni, na walihitajika kubeba kipande kila waendako. Katikati ya jiji ndipo wote walipokutana, kila mmoja akijua mahali pake.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Ramrakha alikuwa kijana mdogo. Alishika kamera na kuanza kupigia picha gazeti la jamaa zake, huku jiji likiwa limejaa askari, misako na watu waliokamatwa.

Ili kuielewa kazi hiyo, yafaa kuzielewa kamera za enzi zile. Wapiga picha wengi wa magazeti walikuwa wakihamia kamera ndogo za filamu ya milimita 35, na zilizosifika zaidi zilikuwa zile zenye kipimaumbali, kama Leica na Contax. Katika kamera hizo, mpiga picha hatazami kupitia lenzi. Hutazama kupitia kidirisha kilicho juu ya kamera, pembeni mwa lenzi. Kwa kitu kilicho mbali, tofauti hiyo haina madhara. Kwa uso ulio karibu, jicho huona hiki na filamu ikanasa kile, na kichwa cha mtu chaweza kukatwa bila mpigaji kujua.

Leica M3 ya mwaka wa 1954 ilipunguza tatizo hilo kwa mistari ya fremu iliyosogea kadiri umbali ulivyobadilika, lakini fremu yake pana kuliko zote ilikuwa ya lenzi ya milimita 50. Mwenye kutumia lenzi pana zaidi, kama ya milimita 28, alilazimika kupachika kidirisha kingine juu ya kamera, apime umbali kwa kimoja kisha apange picha kwa kingine. Isitoshe, lenzi nyingi za aina hiyo hazikukubali kulenga kitu kilicho karibu kuliko sentimita 70 au mita moja.

Wengi walikwepa usumbufu huo kwa kupanga umbali mapema. Lenzi ya milimita 28 iliyofungwa hadi f/11 na kuwekwa mita mbili na nusu hutoa picha safi kuanzia takriban mita moja na robo hadi upeo wa macho. Lililobaki ni mpiga picha mwenyewe kusogea, kwa maana lenzi pana humfanya aliye mbali aonekane kama sisimizi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kusogea hivyo katika jiji lililotenganisha watu kwa sheria halikuwa jambo dogo.

Mpiga picha wa Life, Eliot Elisofon, alimsaidia kijana huyo kwenda kusoma katika chuo cha Art Center, Los Angeles. Alirejea mwaka wa 1963, Kenya ilipojinyakulia uhuru. Kufikia hapo kamera zenye kioo ndani, kama Nikon F iliyotoka mwaka wa 1959, zilikuwa zikishika nafasi, kwani zilimwonyesha mpigaji kile kile ambacho lenzi iliona. Umbali kati yake na hatari, hata hivyo, haukupunguzwa na kamera yoyote.

Ramrakha aliendelea kusogea. Alifika Aden wakati wa ghasia dhidi ya Waingereza, kisha Nigeria wakati wa vita vya Biafra. Alipigwa risasi karibu na Owerri, katika mapambano kati ya wanajeshi wa serikali na wale wa Biafra. Mwanahabari Morley Safer wa televisheni ya CBS ya Marekani alikuwapo.

Picha zake nyingi zilisahaulika kwa takriban miaka 40, hadi jamaa yake, mtengenezaji filamu Shravan Vidyarthi, alipozipata zikiwa zimehifadhiwa katika gereji jijini Nairobi. Kitabu cha picha hizo kilichapishwa mwaka wa 2018. Ndani yake, Mkenya wa leo anakutana na nyuso za wazee wake zilizopigwa kwa karibu, na mtu aliyethubutu kuwasogelea.