Chico Mendes: Mgema mpira aliyeufia msitu

JIONI ya Desemba 22, 1988, wiki moja baada ya kutimiza umri wa miaka 44, Chico Mendes alipigwa risasi alipofungua mlango wa nyuma wa nyumba yake mjini Xapuri, jimbo la Acre, nchini Brazil. Polisi waliotumwa kumlinda walikuwa ndani.

Mendes alizaliwa mwaka wa 1944 katika familia maskini ya wagema mpira, akaanza kugema utomvu angali mtoto. Mabwanyenye waliomiliki mashamba hayo hawakutaka shule, kwani mgema asiyejua hesabu hangeweza kulipinga deni aliloandikiwa. Alifunzwa kusoma na Euclides Távora, mkomunisti aliyekuwa mafichoni msituni.

Katika miaka ya sabini, wafugaji matajiri walianza kufyeka misitu ya Acre ili kupata malisho ya ng'ombe. Mwaka wa 1975 Mendes alijiunga na chama cha wafanyakazi wa mashambani cha Brasiléia. Wagema, wake na watoto wao walikuwa wakisimama mbele ya wakataji miti na kuwasihi waweke chini misumeno.

Mwaka wa 1977 aliingia katika baraza la mji wa Xapuri akiwa diwani. Alikuwa miongoni mwa walioasisi Chama cha Wafanyakazi jimboni humo mwaka wa 1980, mwaka ambao mwenzake, Wilson Pinheiro, aliuawa. Aliwania kiti katika bunge la jimbo mwaka wa 1982 lakini akashindwa.

Hata hivyo, hakufa moyo. Mwaka wa 1985 wagema walikutana jijini Brasília wakaunda baraza lao la kitaifa. Hapo ndipo lilipozuka pendekezo la hifadhi ambamo wenyeji wangeendelea kugema mpira na kuokota njugu pasipo kuangusha miti. Mwaka wa 1987 Umoja wa Mataifa ulimtuza.

Mwaka uliofuata, wagema walimzuia mfugaji Darly Alves da Silva kufyeka msitu wa Cachoeira. Mnamo 1990, Darly na mwanawe Darci walihukumiwa kifungo cha miaka 19 kila mmoja kwa mauaji ya Mendes.

Mwaka huo huo serikali ilitenga karibu hekta milioni moja za msitu wa Acre, ikaziita Hifadhi ya Chico Mendes. Alichonyimwa na wapiga kura akiwa hai, msitu ulikipata baada ya kifo chake.